Mbung'o wameshiba damu, mbona hawazai?

Swali: "Nasaidia kazi katika chumba kidogo cha kufugia wadudu hapa Mwanza. Tuna mbung'o wa aina ya Glossina fuscipes fuscipes, ambao mwanzoni tuliwalisha kwenye masikio ya sungura nao wakazaa vizuri. Tangu tulipohamia kwenye damu ya ng'ombe ya machinjioni, tunayoitia sitreti isigande na kuwapa kupitia utando wa Parafilm (karatasi nyembamba ya plastiki na nta), wengi wao hunyonya hadi matumbo yakawa mekundu, lakini pupa (hatua ya mdudu kati ya buu na mbung'o mzima) zimepungua, zinazopatikana ni ndogo, na kwenye trei tunaokota mayai na mabuu wachanga. Mwenzangu anashauri tuongeze vitamini na glukosi. Je, tufanye hivyo, au turudi kwa sungura?"

Jibu:

Ndugu msomaji, vitamini na glukosi viacheni kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, mbung'o wenu hawajakosa hamu ya kula. Shida inaanza baada ya damu kuingia tumboni, na hapo ndipo wanaoanza kufuga wadudu hawa hukwama, kwa kuwa hupima lishe kwa wekundu wa tumbo. Tumbo jekundu linathibitisha kwamba mdudu amenyonya, basi. Kama alichonyonya kimemfaa, hilo hujulikana kwa idadi na uzito wa pupa zitakazookotwa siku nyingi baadaye, na kwa kipimo hicho damu yenu imeshindwa.

Mbung'o hawafanani na mbu katika ulaji. Mbu jike hupata nguvu ya kuruka kutoka katika majimaji matamu ya mimea na damu huitumia kutengenezea mayai, ilhali mbung'o, dume kwa jike, huishi kwa damu tangu siku anayotoka kwenye pupa hadi anapokufa. Hata misuli ya mabawa yake huendeshwa hasa na prolini, asidi amino inayotokana na mlo huohuo wa damu, wala si na sukari. Ndiyo maana sioni faida ya glukosi ya mwenzako, na naona hasara yake: damu yenye joto iliyoongezwa sukari huwastawisha bakteria mapema kuliko kumstawisha mbung'o.

Jike wa mbung'o, kama unavyojua, hatagi. Yai moja hushuka katika mji wa mimba, huanguliwa humohumo, na buu hukua kwa kunyonya maziwa yanayotoka katika tezi ya mama yake mpaka anazaliwa akiwa na uzito unaokaribia wa mama au hata kuuzidi. Katika joto la nyuzi 24 hivi, jike aliyepandwa mapema humtoa buu wa kwanza akiwa na umri wa siku 18 hadi 20, kisha hutoa mmoja kila baada ya siku 9 au 10. Maziwa yote hayo yanatokana na milo michache tu ya damu, na nusu ya pili ya mimba ndiyo inayodai zaidi. Mlo ukipungua au ukiwa mbovu wakati huo, mama huzaa buu mdogo, na hali ikizidi humwachia kabla hajakomaa. Yai jeupe refu au buu mchanga mnayemwokota chini ya kizimba ni mimba iliyotoka, na idadi yake iandikwe kila siku katika daftari kwa uangalifu uleule mnaoutumia kuhesabu pupa. Pupa ndogo nazo zisiwafariji kwa kuwa "angalau zipo", maana mbung'o anayetoka humo huwa na akiba finyu ya mafuta, na wengi hufa kabla hawajanyonya mara ya kwanza.

Yupo na mwingine anayekula katika meza hiyo. Damu ina upungufu wa vitamini za kundi B, na mbung'o huzipata kutoka kwa bakteria aitwaye Wigglesworthia, anayeishi katika seli maalumu za utumbo na kurithishwa kwa buu kupitia maziwa. Bakteria huyo akiuawa, jike huendelea kunyonya na kuishi, matumbo mekundu kama kawaida, lakini huwa tasa. Maadamu bakteria yu mzima, vitamini za kuongeza hazina kazi. Linalofaa kuchunguzwa ni kama damu mnayoileta ina kitu kinachomuua.

Kwa sababu hiyo nauliza: ng'ombe hao wametoka wapi, na walitibiwa lini? Machinjioni kwetu hufika ng'ombe kutoka Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, hata Shinyanga na Simiyu, wengi wao wakiwa wamepita mnadani, na aliyewaswaga usiku huo hajui walichomwa sindano gani. Ng'ombe aliyepewa oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, siku chache kabla ya kuchinjwa hubeba dawa hiyo katika damu, na dawa hiyo haichagui kati ya bakteria wa ugonjwa na Wigglesworthia wenu. Ivermektini, ambayo wafugaji huchoma kwa ajili ya minyoo na kupe, ni mbaya zaidi: mbung'o anayenyonya damu yenye dawa hiyo hufa, au akipata kiasi kidogo hubaki hai huku uzazi wake ukishuka. Dawa za kuogeshea zenye deltamethrini hukaa kwenye ngozi na manyoya, kwa hiyo huingia katika damu yenu pale tu mnapoiacha itiririke juu ya ngozi kabla ya kufika kwenye ndoo, jambo ambalo nimelishuhudia zaidi ya mara moja likifanywa na watu waangalifu kabisa katika mambo mengine.

Kwa kundi dogo kama lenu, njia iliyo salama ni kuwa na ng'ombe mmoja au wawili wanaojulikana historia yao, wakatolewa damu kwenye mshipa wa shingo na daktari wa mifugo kwa vipindi vinavyowapa nafasi ya kujijenga upya. Hilo likishindikana, zungumzeni na daktari anayekagua nyama awasaidie kuchagua ng'ombe wanaotoka kwa mfugaji mnayeweza kumpigia simu na kumuuliza. Daktari huyo mnamhitaji kwa jambo jingine pia: kimeta, homa ya kutupa mimba ya brusela na homa ya Bonde la Ufa vyote huambukiza binadamu kwa damu, kwa hiyo damu ya mnyama ambaye hajakaguliwa isiingie katika chombo chenu, na glavu zisivuliwe mpaka kazi iishe.

Sasa namna ya kuikinga. Fikeni mapema, kabla kazi haijapamba moto, mkiwa na chombo cha chuma cha pua kilichochemshwa na chenye mfuniko. Damu ya kwanza inayoruka baada ya kisu kupita iacheni iende, kwa kuwa hubeba manyoya, uchafu wa ngozi, na mara nyingine majani ya tumboni yaliyopanda kooni. Kingeni inayofuata, ikidondoka moja kwa moja chomboni. Mara tu ikiingia, mmoja wenu aanze kuikoroga kwa ufito safi wa chuma bila kusimama, kwa dakika 10 hadi 15, mpaka nyuzi nyeupe za faibrini, zinazovutika mithili ya mpira, zijizungushe zote kwenye ufito. Ukiutoa na kuusuuza utaziona wazi. Damu iliyobaki haitaganda tena. Ichujeni kwa shashi safi, iwekeni katika kreti yenye barafu, na mwondoke. Aliyezoea kazi hii hahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, na mimi napendelea hivyo. Sitreti huzuia damu kuganda kwa kuifunga kalsiamu yake. Kwa kipimo sahihi wapo wanaoitumia, lakini barua yako haikutaja kipimo, na machinjioni, ambako hakuna ajuaye ndoo itajaa lita ngapi, kipimo hugeuka kuwa makisio. Hilo ni badiliko la kwanza ambalo ningelifanya, kwa kuwa halina gharama yoyote.

Mkifika maabara, igawanyeni damu katika chupa ndogo zinazotosha mlo mmoja, kila chupa ikiandikwa tarehe na namba ya mnyama, kisha igandisheni katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Msichanganye damu za wanyama wengi kabla hamjazijaribu. Mnyama mmoja mwenye dawa mwilini ataharibu akiba ya mwezi mzima, na hamtajua ni yupi. Chupa ya kutumika kesho itolewe leo ikayeyuke polepole ndani ya friji, wala isirudishwe kugandishwa baada ya hapo. Kabla ya kuitumia, pandeni tone lake kwenye ageri ya damu (chakula cha kuoteshea bakteria) na kuliweka katika nyuzi 37 kwa siku moja hadi mbili. Makundi makubwa, kama yale ya maabara ya Seibersdorf karibu na Vienna, inayoendeshwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huua bakteria kwa kuipitisha damu iliyogandishwa katika miale ya gama ya kipimo cha kilogrei 1. Ninyi hamna chombo hicho, kwa hiyo usafi wa kukinga ndio kinga yenu, na chupa inayootesha bakteria wengi itupwe bila kuionea huruma. Bakteria aitwaye Serratia marcescens peke yake anaweza kuua mbung'o wengi ndani ya muda mfupi.

Damu ikishakuwa safi, angalieni meza ya kulishia. Utando wa Parafilm ni mwembamba na hutoboka. Baada ya mbung'o wengi kuuchoma huanza kuvuja, damu hupanda kwenye chandarua cha kizimba, miguu na mabawa hulowa, na mdudu aliyelowa damu hafiki mbali. Utando wa silikoni, ambao watafiti Bauer na Wetzel waliueleza mwaka 1976, hujiziba wenyewe baada ya kila mchomo, huoshwa, huchemshwa kwa mvuke na kutumika tena. Ni ununuzi ambao ningewaombea fedha kabla ya kifaa kingine chochote. Damu imwagwe kidogo juu ya kioo chenye mifereji kilicholala kwenye bamba la joto, na utando ulazwe juu yake kuanzia upande mmoja ili kusukuma mapovu yatoke, kwa maana mbung'o anayechoma mahali penye povu hupata hewa, hukata tamaa na kwenda kukaa pembeni. Joto lipimwe juu ya utando wenyewe, si kwenye kitufe cha bamba, nalo liwe nyuzi 36 hadi 37. Likishuka hadi 32, utawaona wakitembeatembea bila kutoboa.

Hapa inafaa kutofautisha vitu viwili ambavyo mwenzako anaweza kuvichanganya. Joto ndilo linalomfanya mbung'o ashushe mrija na kutoboa. Kinachomfanya aendelee kuvuta mpaka ajae ni kemikali iliyomo ndani ya damu yenyewe, hasa ATP, ile inayobeba nishati ndani ya seli. Watafiti Galun na Margalit walilionyesha hilo mwaka 1969 kwa mbung'o wa Glossina austeni. Damu inayotoka moja kwa moja kwa sungura hai inayo, lakini damu iliyogandishwa, ikayeyushwa na kukaa hupoteza sehemu yake, na matokeo yake ni mdudu anayenyonya robo tumbo kisha kujitoa. Kwa macho ya haraka tumbo lake ni jekundu, sawasawa na ulivyoandika. Kwa hiyo, kama kuna kitu cha kuongeza katika damu yenu, ni hiki: ATP kiasi cha nusu gramu kwa lita, ikitiwa baada ya damu kuyeyuka, muda mfupi kabla ya kulisha.

Mtamjuaje aliyeshiba kweli? Kaeni chini mtazame kizimba kimoja kwa dakika 10 nzima bila kukigusa. Mbung'o anayepata damu nzuri hutulia, tumbo lake huvimba na kung'aa mpaka ngozi inaonyesha rangi ya ndani, na muda si mrefu, pengine hata hajachomoa mrija, hutoa tone la maji maangavu kwa nyuma. Anajipunguzia maji ya damu aweze kuruka, maana mlo kamili unaweza kuzidi uzito wake mwenyewe mara mbili. Chini ya vizimba vilivyolishwa vizuri karatasi huloa matone hayo maangavu kwanza, kisha saa za baadaye huja madoa meusi ya kinyesi. Karatasi ikibaki kavu, hawakula, hata kama wote walikuwa juu ya utando.

Kuhusu ratiba, milo mitatu kwa wiki, yaani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ndiyo desturi ya makundi makubwa, na inatosha mradi kila mlo uwe kamili. Kwa kundi dogo lenye uzazi unaoyumba ningewalisha kila siku isipokuwa Jumapili mpaka mambo yatulie. Wapya wapewe mlo wa kwanza ndani ya siku moja au mbili baada ya kutoka kwenye pupa, wakiwa na njaa lakini hawajamaliza akiba. Umeme ukikatika saa ya kulisha, hamna haja ya kuahirisha hadi kesho. Maji ya moto ndani ya mfuko chini ya kioo, pamoja na kipimajoto, yatawatoa. Majike wenye umri mkubwa walishwe mwisho, na damu ibadilishwe baina ya makundi, kwa kuwa mbung'o hutema mate ndani ya damu anayonyonya, na kuna kirusi kinachovimbisha tezi za mate ambacho husambaa kwa njia hiyo na kimewahi kuangusha makundi ya Glossina pallidipes. Aina yenu haisumbuliwi nacho sana, ila uangalifu huo haugharimu kitu.

Chumba chenyewe sikitilii shaka sana, kwa kuwa sungura walipotumika uzazi ulikuwa mzuri. Hata hivyo hukutaja miezi. Kama mlihama kwenye damu ya ng'ombe kati ya Juni na Agosti, kumbukeni kwamba Mwanza hewa hukauka wakati huo ingawa ziwa liko pale chini ya mawe, na aina yenu, ambayo porini hukaa kwenye vichaka vya ufukweni na kupenda kumnyonya kenge, inataka unyevu wa asilimia 75 hadi 80. Someni daftari la unyevu kabla ya kuihukumu damu.

Ili kulimaliza suala hili bila ubishi baina yenu, wekeni jaribio la siku 25. Chukueni majike waliotoka kwenye pupa siku moja, wawekeni na madume siku ya tatu, kisha wagawanyeni kwa bahati nasibu katika makundi yenye idadi sawa, yote katika rafu moja: kundi la kwanza linyonye sungura, la pili damu ya zamani yenye sitreti, la tatu damu iliyoondolewa faibrini kutoka kwa mnyama anayejulikana, na la nne damu hiyohiyo ya tatu pamoja na ATP. Kila siku hesabuni waliokufa, pupa, mayai na mabuu waliotoka kabla ya wakati. Kila pupa ipimwe ndani ya saa 24, kwa kuwa hupoteza uzito kadiri inavyokaa. Siku ya 25 wapasueni waliobaki hai mtazame mji wa mimba una nini. Sungura wakishindwa pamoja na wengine, kosa ni la chumba au la mbung'o wenyewe. Kundi la pili likishindwa peke yake, ni sitreti au mnyama. La tatu likiwa nyuma ya la nne, mtajua ATP inawalipa. Baada ya hapo, kila mnyama mpya ajaribiwe kwa kizimba kimoja kidogo kabla damu yake haijafika kwa kundi zima.

Je, mrudi kwa sungura? Kama njia ya kudumu, hapana. Damu ya ng'ombe kupitia utando inatosha kabisa: kituo cha utafiti wa mbung'o cha Tanga kilizalisha Glossina austeni kwa ajili ya kutokomeza mbung'o Unguja, ambako madume tasa zaidi ya milioni 8 yaliachiwa kutoka kwenye ndege, na mbung'o wa mwisho wa porini akanaswa Septemba 1996. Sungura wanahitaji kulishwa, kupumzishwa masikio baina ya milo, na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, na kundi likikua kidogo tu hawatoshi. Wabakizeni wachache kwa ajili ya kulinganishia, na kwa ajili ya mbung'o wapya mnaowaleta kutoka ufukweni, ambao katika kizazi cha kwanza wengi wao huukataa utando. Ila wanaotoka porini wawekwe chumba tofauti, na sungura waliowanyonyesha wasihamishiwe kwa kundi la ndani, kwa sababu ya vimelea vya malale na nagana (ugonjwa wa aina hiyo kwa mifugo) ambavyo huenda wameviingiza.

Wengine watawaambia mjaribu damu ya nguruwe, na ni kweli kwamba baadhi ya aina za mbung'o huzaa vizuri kwa damu hiyo, wapo hata wanaoichanganya na ya ng'ombe. Kitimoto Mwanza haikosekani, lakini nguruwe wengi huchinjwa mmoja mmoja, uani na pembezoni, bila mkaguzi, na kupata damu safi ya mnyama anayejulikana ni kazi kubwa zaidi kuliko kumpata ng'ombe. Pia ulizeni kwanza kama wenzenu wote chumbani wako tayari kuishika. Mkiipata kwa njia safi, iwe kundi la tano katika jaribio, nayo ihukumiwe kwa mizani ileile ya pupa.